Ruzuku ya Utafiti: Kati ya Riziki na Amana

Ruzuku ya utafiti ni fedha za umma ambazo serikali humkabidhi mtafiti, kwa kawaida kupitia taasisi anakofanyia kazi, ili atafute jibu la swali alilolibuni mwenyewe, pasipo serikali kudai fedha hizo zirudishwe kama mkopo wala kununua kwazo bidhaa ya matumizi yake. Dhana hiyo, ambayo Waingereza huiita "grant", ndiyo nguzo ya utafiti wa bayotiba, yaani utafiti unaochunguza uhai, maradhi na tiba kwa mbinu za maabara na za hospitali, na ndiyo pia inayolipia mafunzo ya wale watakaoufanya utafiti huo kesho. Kiswahili kimelichagua neno ruzuku kuibeba, na uchaguzi huo unafaa. Lakini kwa kuwa neno la Kiswahili na lile la Kiingereza yametoka katika taswira mbili zisizofanana, msomaji anayelipokea bila maelezo anaweza kuelewa nusu tu ya jambo.

Ruzuku ni ndugu wa riziki. Maneno yote mawili yametokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kumpa kiumbe mahitaji ya maisha yake, na wanaisimu wengi hulihusisha shina hilo na neno la Kiajemi cha kati lililomaanisha chakula cha kila siku. Kitenzi kuruzuku kimebaki na mtendaji mmoja katika vinywa vya Waswahili, kwani Mwenyezi Mungu ndiye huruzuku na mja huruzukiwa watoto, afya au mali. Nomino, kwa upande wake, iliingia mapema katika lugha ya utawala: katika dola ya mwanzo ya Kiislamu jina hilohilo la Kiarabu lilitumika kwa posho ya chakula waliyopewa askari mbali na malipo yao ya fedha. Mgawanyo huo ungalipo katika Kiswahili cha leo, ambapo husemwa kwamba serikali imetoa ruzuku, ila mtu hasemi kwamba serikali imemruzuku mtafiti.

Neno la Kiingereza lilipita njia nyingine. Lilitoka Kifaransa cha kale, nacho kililirithi kutoka kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuamini, hivyo kiini chake ni kukabidhi kitu kwa kumwamini anayekipokea. Kwa Kiswahili, taswira hiyo ingekuwa karibu zaidi na amana. Ruzuku, basi, humwangalia mpokeaji na njaa yake, hali neno la Kiingereza huutazama uaminifu uliopo kati ya mtoaji na mpokeaji. Na sheria zinazotawala fedha za utafiti, kama itakavyoonekana, zimeegemea upande wa amana.

Utata wa pili unatokana na upana wa matumizi. Mkulima wa Mbeya au wa Nakuru akisikia ruzuku huwaza mbolea iliyopunguzwa bei kwa fedha za serikali; mwalimu mkuu huwaza kiasi kinacholetwa shuleni kwa hesabu ya wanafunzi; kiongozi wa chama cha siasa huwaza mgawo unaotegemea kura na viti vya ubunge. Katika mifano hiyo yote mpokeaji hupata kwa sababu yumo katika kundi linalostahiki, na akishatimiza sifa haki yake imekamilika. Mtafiti hana haki ya namna hiyo, kwani anaweza kuwa na shahada, maabara na wazo jema, kisha akakosa kwa kuwa wazo la mwenzake limeonekana bora zaidi. Kwa sababu hiyo neno ruzuku likisimama peke yake halitoshi katika uwanja huu, na istilahi kamili inapaswa kuwa ruzuku ya utafiti, au ruzuku shindani ya utafiti pale ambapo ushindani wenyewe ndio unaojadiliwa.

Maneno mengine yanayotumika mahali pake yana kasoro kubwa zaidi. Msaada, ambalo katika hotuba za bajeti hutajwa sambamba na mikopo, humfanya mpokeaji aonekane mhitaji, na halisemi lolote kuhusu kazi anayotarajiwa kuifanya. Udhamini hukumbusha dhamana ya mahakamani au jina la kampuni kwenye jezi ya timu ya mpira. Ufadhili ndilo shindani lenye nguvu, kwa kuwa limezoeleka katika ufadhili wa masomo, na linafaa kuwa jina la jumla la kila fedha inayotoka nje ya mfuko wa mtafiti, iwe ya serikali, ya wakfu au ya kampuni; lakini ndani yake mna fadhila, na fadhila hudai shukrani, ilhali ruzuku ya utafiti hudai hesabu.

Mipaka ya dhana hii imechorwa kwa uwazi mkubwa nchini Marekani, ambako sheria ya mwaka 1977 kuhusu ruzuku na makubaliano ya ushirikiano iliziagiza idara za serikali kutofautisha aina tatu za mahusiano. Serikali ikitaka kupata kitu kwa matumizi yake yenyewe, kama vile chanjo za askari wake, hutumia mkataba wa ununuzi, ambao Mswahili angeuweka katika mambo ya zabuni. Ikitaka kuendeleza jambo lenye manufaa kwa umma bila kuingilia sana utekelezaji wake, hutoa ruzuku. Ikitaka kuendeleza jambo hilo huku maofisa wake wakishiriki kwa kiasi kikubwa katika kazi yenyewe, huingia makubaliano ya ushirikiano. Kinachozitenganisha aina hizo ni kusudi la fedha na nafasi ya mtoaji katika kazi, wala si wingi wa fedha.

Mtoaji mkuu wa ruzuku za aina hii duniani ni Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ambazo wingi katika jina lake si kosa la mwandishi. Chimbuko lake ni maabara ndogo ya usafi na maradhi ya kuambukiza iliyofunguliwa mwaka 1887 katika hospitali ya mabaharia ya Staten Island, New York, chini ya daktari Joseph Kinyoun. Mwaka 1930 maabara hiyo ilipewa jina la Taasisi ya Taifa ya Afya, kwa umoja, na mwaka 1948, baada ya taasisi nyingine kuanzishwa chini yake, umoja ukageuzwa kuwa wingi. Leo taasisi na vituo vyake ni 27. Sheria iliyounda Taasisi ya Taifa ya Saratani mwaka 1937 iliruhusu fedha zitolewe kwa watafiti walioajiriwa kwingineko, na miongoni mwa waliozipata mwanzoni alikuwa Louis Fieser, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Harvard. Sheria ya huduma za afya ya umma ya mwaka 1944 ilipanua mamlaka hayo, na Vita vya Pili vya Dunia vilipomalizika kiasi cha ruzuku kilikua kutoka dola zipatazo milioni 4 mwaka 1947 hadi zaidi ya milioni 100 mwaka 1957, kisha bilioni 1 mwaka 1974. Bajeti ya miaka ya karibuni imezidi dola bilioni 40 kwa mwaka, na sehemu yake kubwa hutumika nje ya maabara za taasisi zenyewe.

Hapo pana mtego mwingine wa tafsiri. Wamarekani hugawa utafiti huo katika ule wa ndani ya kuta na ule wa nje ya kuta, na mfasiri mwenye haraka huandika utafiti wa ndani na utafiti wa nje, maneno ambayo msomaji wa Kiswahili huyaelewa kuwa ni utafiti wa nchini na ule wa ng'ambo. Ni afadhali kusema utafiti wa maabara za taasisi na utafiti wa vyuo na taasisi nyingine, hata kama maneno yatakuwa mengi.

Utendaji wa ruzuku za taasisi hizo za Marekani huonyesha jinsi amana inavyolindwa. Anayeandika andiko la maombi ni mtafiti mkuu, lakini kwa kawaida anayepewa fedha kisheria ni chuo au taasisi yake, ambayo huwajibika kwa matumizi na hesabu. Andiko husomwa kwanza na jopo la wanataaluma wenzake wasio na maslahi katika kazi hiyo, nao hutoa alama kuanzia 1 hadi 9, ambapo 1 ni bora kabisa, kinyume na mazoea ya mitihani ya shule. Hatua ya pili ni ya baraza la ushauri la taasisi husika, lenye wanasayansi na wawakilishi wa umma, ambalo hupima kama kazi hiyo inalingana na malengo ya taasisi. Fedha zikitolewa huwa na mafungu mawili: gharama za moja kwa moja, kama mishahara, vitendanishi na vifaa, na gharama zisizo za moja kwa moja, yaani umeme, majengo, uhasibu na mambo mengine ambayo maabara haiwezi kuishi bila hayo ingawa hayahusishwi na mradi mmoja pekee.

Kwenye ruzuku ya mafunzo ya utafiti, maana ya asili ya neno la Kiswahili hurudi kwa nguvu. Mwaka 1974 Bunge la Marekani liliunda tuzo za kitaifa za huduma ya utafiti, ambazo mwaka 2002 zilipewa jina la Ruth Kirschstein, mwanasayansi aliyeshughulikia usalama wa chanjo ya polio na mwanamke wa kwanza kuongoza mojawapo ya taasisi hizo. Tuzo hizo hutolewa ama kwa mtu mmoja mmoja ama kwa chuo, ambacho huwachagua wanafunzi wake wenyewe, na kiasi anachopokea mwanafunzi hakihesabiwi kuwa mshahara, kwa kuwa hajaajiriwa; ni posho ya kujikimu, fedha ya chakula na malazi ya mtu aliye katika kujifunza, na hiyo ni ruzuku kwa maana ileile ya zamani ya riziki. Hata hapa amana haikosekani, kwani mwenye shahada ya uzamivu anayepokea posho hiyo hubeba deni la kazi kwa miezi 12 ya kwanza, deni analoweza kulilipa kwa kuendelea kutafiti au kufundisha.

Afrika Mashariki imezifahamu ruzuku za namna hii kwa karibu. Kituo cha Kimataifa cha Fogarty, kilichoanzishwa mwaka 1968 ndani ya taasisi hizo za Marekani, kimegharimia mafunzo ya watafiti wa nchi nyingi, na mpango wa ubia wa elimu ya tiba ulioanza mwaka 2010 ulivifikia vyuo vya Moshi, Makerere na Nairobi. Serikali za eneo hili nazo zina vyombo vyake: Tanzania ilianzisha Tume ya Sayansi na Teknolojia kwa sheria ya mwaka 1986, na chini yake umo Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, MTUSATE; Kenya nayo ina Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, iliyotokana na sheria ya mwaka 2013.

Uhusiano wa Afrika na watoaji wa Marekani umeleta haja ya istilahi moja zaidi. Mara nyingi fedha za Marekani hupewa chuo cha Marekani, nacho hupitisha sehemu yake kwa mshirika wa Afrika, na sehemu hiyo huitwa na baadhi ya waandishi ruzuku ndogo, jina linalopotosha kwa sababu inaweza kuwa kubwa mno kwa kiasi. Ruzuku tanzu ni jina bora, kwa kuwa utanzu huonyesha ilikochipuka na haupimi ukubwa wake. Tofauti hiyo si ya maneno matupu: mwezi Mei 2025 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitangaza kwamba hazitatoa ruzuku mpya zenye tanzu za nchi za nje mpaka utaratibu mpya wa kuzifuatilia ukamilike, na mtafiti wa Kiafrika aliyetaka kujua hatima yake alilazimika kwanza kujua kama alikuwa mpokeaji wa ruzuku au wa utanzu wake.

Ruzuku ya utafiti, kwa hiyo, ibaki kuwa istilahi sanifu; ufadhili uachiwe uwanja wa jumla, posho ya kujikimu iwe ya mwanafunzi, na ruzuku tanzu iwe ya mshirika anayepokea kupitia kwa mwingine. Neno riziki litaendelea kusikika ndani ya ruzuku, na halina ubaya, mradi kila anayelitumia katika uwanja huu akumbuke kwamba fedha hizi zina mwenyewe, na mwenyewe huyo ni mlipa kodi.