Kikuza Sauti na Nafasi ya Gitaa la Solo katika Muziki wa Dansi

Waandishi wa historia ya muziki wetu wa dansi wamezoea kutaja watunzi, waimbaji na wapiga magitaa, pamoja na bendi na miaka ya kuundwa kwake. Ni mara chache kutajwa sanduku lililosimama nyuma ya mpiga solo, ambalo pasipo hilo sauti ya gitaa lake isingefika hata katikati ya ukumbi. Makala haya yanakusudia kulipa sanduku hilo haki yake. Hoja yetu ni kwamba solo haikuzaliwa na vidole peke yake. Ilizaliwa pia na uchaguzi wa kikuza sauti, au amplifaya kama wanamuziki waitavyo, na wa kasha la spika zake. Na hapa Tanzania uchaguzi huo mara nyingi haukuwa mikononi mwa mpigaji.

Gitaa kavu lina sauti ndogo. Likiwekwa pamoja na tarumbeta, saksafoni na ngoma, humezwa. Ndiyo sababu katika bendi kubwa za Marekani za miaka ya 1930 kazi yake ilikuwa kushika mapigo tu. Mwaka 1936 kampuni ya Gibson ilitoa gitaa la umeme liitwalo ES-150 pamoja na kikuza sauti chake. Charlie Christian, kijana Mmarekani Mweusi aliyejiunga na kundi la Benny Goodman mwaka 1939, alilipiga gitaa hilo kwa noti mojamoja, kama mpiga saksafoni anavyopuliza. Alifariki mwaka 1942 akiwa na umri wa miaka 25, lakini alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba gitaa laweza kusimama mbele ya bendi na kuzungumza.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Leo Fender wa California alitengeneza vikuza sauti imara vya kubebeka. Mwaka 1952 alitoa kile cha Bassman, kilichokusudiwa gitaa la besi. Baadaye kikatiwa spika 4 za inchi 10, na wapiga solo wakakipenda kuliko wapiga besi wenyewe. Huko Uingereza Jim Marshall, mwalimu wa ngoma aliyefungua duka la vyombo vya muziki Hanwell, magharibi ya London, mwaka 1960, aliwasikiliza vijana waliofika dukani kwake wakidai sauti nzito zaidi. Mwaka 1962 yeye na mafundi wake walitoa kikuza sauti cha JTM45, wakifuata mfano wa Bassman. Lakini hawakuziweka spika pamoja na mitambo katika sanduku moja. Mitambo ilikaa katika kichwa chake, na spika 4 za inchi 12 zikafungiwa katika kasha lililozibwa nyuma.

Spika ziliwekwa 4 kwa sababu. Spika za zama zile zilistahimili wati chache, na moja au mbili zingepasuka kwa nguvu ya mitambo ile. Nne ziligawana mzigo. Kuziba nyuma ya kasha nako kulibadili sauti. Kasha lililo wazi nyuma huisambaza sauti pande zote za jukwaa, ilhali lililozibwa huisukuma mbele na kuipa kishindo. Mwaka 1965 Pete Townshend wa kundi la The Who aliomba kikuza sauti cha wati 100 na kasha moja la spika 8. Kasha hilo lilikuwa zito mno kwa wabebaji, likagawanywa mawili, moja likakaa juu ya jingine.

Hapa inafaa tuondoe dhana moja iliyoenea. Watu wengi hudhani kwamba wati 100 hutoa sauti maradufu ya wati 50. Sivyo, sikio husikia nyongeza ndogo tu, na ili lihisi kuwa sauti imekuwa maradufu huhitajika nguvu ya karibu mara 10. Faida kubwa ya wati nyingi ni nafasi ya sauti kubaki safi. Vikuza sauti vya wakati ule vilitumia vali, yaani mirija ya kioo inayowaka ndani. Vali ikisukumwa kupita uwezo wake haikatizi sauti ghafla, bali huikwaruza polepole na kuirefusha. Vijana wa London waliupenda mkwaruzo huo. Mwaka 1966 Eric Clapton, akirekodi na kundi la John Mayall, alikifungua kikuza sauti cha Marshall kwa sauti kubwa studioni, na tangu hapo mkwaruzo ukawa alama ya solo ya roki.

Dansi la Afrika lilifuata njia nyingine. Mwaka 1953 mpiga gitaa Mbelgiji, Bill Alexandre, alifika Léopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa, kufanya kazi na kampuni ya kurekodi ya CEFA, akaja na gitaa la umeme. Katika miaka iliyofuata, Franco wa O.K. Jazz na Nico Kasanda wa African Jazz waliijenga solo ya Kikongo, nayo ikavuka Ziwa Tanganyika kwa sahani za santuri na mawimbi ya redio. Solo hiyo haikusimama peke yake. Nico alipiga akisaidiwa na kaka yake Dechaud katika gitaa la ridhimu, na uzuri wa kazi yao ulikuwa katika kupokezana. Katika bendi zetu nazo, solo, solo la pili, ridhimu na besi huingiliana kama nyuzi za mkeka. Mkwaruzo ukiingia humo, nyuzi hushikana na ufundi hupotea. Kwa hiyo, kwa jumla, nguvu ambayo kijana wa London aliitaka ili aichome sauti, mpiga dansi aliitaka ili sauti isiungue. Aidha, kumbi nyingi za dansi zilikuwa za wazi, hazina dari ya kuirudisha sauti, na ilipasa noti ya solo iwafikie wachezaji wa mbali ikiwa bado na ncha yake.

Basi ni nani aliyechagua? Wapiga solo wetu walikuwa mabingwa. Mbaraka Mwinshehe aliifikisha Morogoro Jazz kwenye Maonyesho ya Dunia ya Osaka mwaka 1970, na mwaka 1973 akaunda Super Volcano, aliyoiongoza hadi kifo chake mwaka 1979. Lakini wanamuziki wengi hawakumiliki vyombo. Bendi ya NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, ilikuwa chini ya shirika la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki aliajiriwa na kulipwa mshahara, na alipohama aliondoka na vidole vyake tu. Vyombo viliagizwa nje kwa fedha za kigeni, ambazo ziliadimika mno baada ya vita vya Kagera vya 1978–79.

Utaratibu huo ulikuwa na pande mbili, na haki yadai zote mbili zisemwe. Pasipo mashirika hayo, vijana wengi wa watu wa kawaida wasingeligusa gitaa la umeme maishani. Hata hivyo, mwenye chombo alikuwa pia na kauli juu ya sauti. Mpiga solo alipanda jukwaani akiwa na kikuza sauti ambacho pengine hakukichagua, akalazimika kukitafutia sauti yake kwa mkono, kwa nyuzi na kwa vifundo vichache vya kurekebishia. Kwamba wasikilizaji waliweza kumtambua mpigaji kwa noti chache tu ni ushahidi wa ukubwa wa sanaa hiyo.

Kanda zilizorekodiwa na Redio Tanzania zimebaki kuwa hazina ya taifa, na wengi wamesema inavyostahili juu ya kuzihifadhi. Vikuza sauti na makasha ya spika yastahili heshima hiyo hiyo. Kanda hutueleza solo ilisikikaje. Chombo hutueleza ilipatikanaje, na kwa gharama ya nani. Chombo kikioza stoo au kikivunjwa kwa ajili ya vipuri, nusu ya historia ya solo huondoka nacho.