Kitulo: Hifadhi Iliyozaliwa na Kiazi

Anayeuvuka uwanda wa Kitulo kwa miguu kati ya Desemba na Aprili, mvua ikiwa imekolea, hutembea kutwa nzima katikati ya maua. Uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, kati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone, kusini magharibi mwa Tanzania. Zimehesabiwa hapo aina 350 za mimea, 45 kati yake zikiwa okidi za ardhini. Anga likitakata, ukingoni huonekana Ziwa Nyasa. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Jina hilo linaustahili, ila linatusahaulisha historia: si uzuri uliouokoa uwanda huu, bali biashara iliyokaribia kuumaliza.

Tarehe zenyewe zinashuhudia. Mwingereza Frederic Elton alipita nchi hii mwaka 1877, na baadaye uwanda ukaandikwa kwa jina lake kwenye ramani. Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Kitulo ikangoja hadi 2005. Miaka yote hiyo maua yalichanua mbele ya macho ya wakubwa, na baada ya uhuru sehemu ya uwanda ikawa shamba la serikali la ng'ombe wa maziwa. Jicho lililozoea kutafuta tembo na simba liliona hapa nyasi tupu.

Kilichobadilisha mambo ni chikanda, chakula cha Zambia kinachopikwa kwa viazi vya okidi vilivyotwangwa pamoja na karanga. Viazi vilipoadimika huko, wanunuzi waligeukia nyanda za juu za Tanzania. Watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi walikadiria mwaka 2003 kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na 4.1 vilikuwa vikivushwa kwenda Zambia kila mwaka. Okidi haistahimili uvunaji wa namna hiyo. Mchimbaji huitambua kwa ua lake, kisha huing'oa kabla haijamwaga mbegu. Na mbegu zenyewe, ndogo kama vumbi, hazioti bila msaada wa kuvu wa udongoni. Hapo ndipo kilio cha hifadhi kilipopata masikio.

Huenda mtu akapinga: jina la Bustani ya Mungu linaonyesha kwamba uzuri ulithaminiwa tangu zamani. Ni kweli, ulithaminiwa na wenyeji. Lakini thamani hiyo haikuwa na uzito serikalini mpaka hasara ilipopata tarakimu. Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba sheria ilimbana mchimbaji maskini wa Makete, wilaya ya Kitulo, ambaye kiazi kilimpa fedha taslimu mahali penye njia chache za kuzipata. Hili halikanushiki. Hata hivyo, biashara inayong'oa mmea mzima ingemwacha mikono mitupu miaka michache baadaye, kama ilivyokuwa ng'ambo ya mpaka. Deni la hifadhi kwake ni kumpatia kipato kinachodumu, na matembezi ya siku moja, yeye akiwaongoza wageni, ni mahali pazuri pa kuanzia: maua haya hayaonekani vyema dirishani mwa gari, na aliyeyatafuta kwa jembe anajua kila yanapoota.