Kuhamisha banda kubwa: umwite fundi, au majirani watatosha?

Juni hadi Agosti, masika yakishapita, ndiyo miezi mizuri ya kuhamisha banda Bukoba na Muleba. Ardhi ni kavu, gari halizami, na ukifungua mabati, mbao hazinyeshewi. Sababu za kuhama ni nyingi. Familia imegawana kibanja, nyumba imepanuliwa, au ziwa limesogea kama Mei 2020, maji ya Victoria yalipopanda kuliko wakati wowote uliokuwa umepimwa hadi hapo. Wengine wameamka wakakuta alama ya X ukutani.

Kabla ya kutafuta fundi, pima unakohamia. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaweka hifadhi ya mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara kuu na za mkoa, kama ile ya lami inayotoka Bukoba kupitia Kemondo na Muhutwe hadi Muleba. Barabara nyingi za vijijini ziko chini ya TARURA na upana wa hifadhi yake ni mwingine, kwa hiyo waulize. Kando ya ziwa, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ukihamisha banda na bado likabaki ndani ya hifadhi, litakuja kuvunjwa, na hela uliyompa fundi imekwenda bure.

Sasa tuangalie uzito. Chukua banda la mita 6 kwa 4, la mgongo wa tembo, lenye nguzo 10 za mikaratusi, kuta za mabanzi na mabati 18 ya futi 10, geji 30. Bati moja lina kilo 6 hivi, kwa hiyo mabati yote ni kilo 100 na ushee tu. Nguzo ya mita 3 yenye unene wa sentimita 15 inafika kilo 40, maana yake nguzo peke yake ni kilo 400. Ongeza mabanzi, papi na kenchi, unakaribia tani moja.

Kulibeba likiwa zima kunahitaji watu 40, kila mmoja kilo 25, wakitembea sawasawa kwenye njia yenye upana wa mita 5. Kwenye kibanja njia hiyo haipo, labda ufyeke migomba. Kuteremka nalo miteremko ya Kamachumu ndiyo usijaribu kabisa. Kubeba zima kunafaa kibanda cha kuku au genge dogo. Banda kubwa hufunguliwa, na likishafunguliwa kila kipande hubebwa na mtu mmoja au wawili.

Kwa hiyo fundi anahitajika kwenye kufungua na kusimamisha, si kwenye kubeba. Banda la paa la upande mmoja, ambalo mtu anafikia mabati kwa ngazi fupi, majirani wenye nyundo na mtaimbo wanalimudu. Paa lenye kenchi ni jambo jingine. Kenchi na mabati ndivyo vinavyoshikilia nguzo zisiegemee. Ukiondoa paa bila kwanza kupigilia mbao za mshazari kwenye kuta, banda linaweza kumlalia aliye ndani. Mwite fundi pia kama nguzo zimeliwa na mchwa chini, au banda limeshainama. Umeme ukiwepo, TANESCO wakate kwanza.

Banda la matofali halihami. Linavunjwa, unaokoa mabati na mbao. Kama lilipata nyufa katika tetemeko la Septemba 10, 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9, usiruhusu mtu apande juu yake kwa kubahatisha.

Njia ya katikati, ambayo mimi naiona bora kwa wengi, ni kumlipa fundi siku ya kushusha kenchi na siku ya kuzipandisha, kazi nyingine mfanye wenyewe. Mwambie aziandike namba kwa mkaa kabla ya kung'oa msumari wa kwanza. Mpatane bei ya kazi, si ya siku, na muandike nani analipa bati likipasuka, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Weka kwenye hesabu nguzo mpya: sehemu iliyozikwa huoza, ukiikata nguzo inapungua nusu mita, na banda litakuwa fupi kuliko lilivyokuwa.

Majirani nao wana gharama, chakula na kinywaji. Rubisi itoke baada ya mabati yote kushuka.

Okoteni misumari yote kabla watoto na ng'ombe hawajapita. Aliyechomwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni, aende zahanati siku hiyo hiyo aulizie chanjo ya pepopunda.