Waliobeba Vita Kichwani: Masasi na Newala, 1917

Kwenye muvi komando anakimbia siku nzima, bunduki begani, hali, hanywi, halali. Anapigwa risasi ya bega, anafunga kitambaa, anaendelea. Mwisho anashinda, muziki unapigwa, watu wanapiga makofi.

Sasa achana na muvi kidogo. Njoo Mtwara, panda mpaka Newala, simama pale Shimo la Mungu uangalie bonde linavyoshuka kuelekea mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Vijana wanapenda kupiga picha hapo. Wachache wanajua kwamba miaka zaidi ya 100 iliyopita, eneo hili na lile la Masasi kwenye vilima vya mawe lilikuwa uwanja wa vita ya dunia. Na hapa ndipo ilipoonekana wazi binadamu anaweza kustahimili nini, na anaishia wapi.

Vita ilifikaje huku?

Vita ya Kwanza ya Dunia ilianza 1914. Tanzania bara wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani, Kenya ilikuwa ya Waingereza, Msumbiji ya Wareno. Wazungu walipogombana kwao, wakaja kugombania na huku. Lakini waliopigana wengi walikuwa Waafrika, pande zote. Jeshi la Wajerumani liliongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, na mbinu yake ilikuwa moja: piga, rudi nyuma, mchoshe adui, usikubali kukamatwa.

Kufikia 1917 alikuwa amesukumwa mpaka kusini kabisa. Waingereza walikuwa wanamfuata kutokea Kilwa na Lindi. Tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 wakakutana Mahiwa, karibu na Nyangao, kwenye njia ya kutoka Lindi kwenda Masasi. Siku nne za moto. Upande wa Waingereza, wengi wao wakiwa askari kutoka Nigeria na wa KAR, walipoteza watu zaidi ya 2,000, waliokufa na kujeruhiwa. Wajerumani walipoteza karibu 500. Kwenye karatasi Lettow alishinda. Lakini wale 500 hakuwa na wa kuziba nafasi zao, na risasi zilikuwa zinaisha. Akarudi nyuma tena, safari hii kuelekea uwanda wa Makonde.

Hapo ndipo hadithi inapobadilika. Adui mkubwa hakuwa tena Mwingereza. Alikuwa mwili wenyewe.

Maji

Mtu wa Newala haitaji kuelezwa habari ya maji. Uwanda wa Makonde uko juu, ardhi yake inanyonya mvua yote, na chemchemi ziko chini kwenye mabonde. Tangu enzi, akina mama walikuwa wanashuka mlima na vyombo na kupanda navyo kichwani. Sasa fikiria maelfu ya wanajeshi na wapagazi wanapanda huko mwezi wa Novemba, mwisho wa kiangazi, kabla mvua hazijashika.

Wareno walikuwa wameshalionja hilo mwaka mmoja kabla. Mwaka 1916 walivuka Ruvuma wakaiteka Newala, wakajiona wamefika. Wajerumani hawakuhangaika sana kuivamia ngome. Waliwanyang'anya mahali pa kuchotea maji, wakawazingira. Mwisho wa Novemba Wareno wakatoroka usiku kurudi ng'ambo, wakaacha silaha na vifaa vyao. Ngome ilikuwa nzima, bunduki zipo, lakini koo zimekauka.

Wataalamu wa mwili leo wanaeleza kwa nini. Mtu anayefanya kazi nzito juani anaweza kutoa jasho la lita moja kwa saa. Ukipoteza maji yanayofikia asilimia 2 tu ya uzito wako, akili inaanza kupungua makali. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni lita moja na kidogo. Unakuwa mzito wa kuamua, mwepesi wa kukasirika, unasikia amri lakini haiingii. Kwa hiyo yule komando wa kwenye muvi, saa nne tu bila maji angeanza kukosea njia.

Hesabu ya kilo 25

Sasa tuje kwa watu ambao muvi haiwaonyeshi kabisa. Wapagazi.

Kwa nini watu wabebe mizigo wakati kuna farasi na punda? Jibu ni mbung'o. Ugonjwa wake uliua farasi, nyumbu na ng'ombe kwa maelfu. Waingereza walikuwa na magari, lakini gari linataka barabara, na mvua ikinyesha barabara inakuwa tope. Kilichobaki ni kichwa cha mtu.

Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 25. Piga hesabu mwenyewe. Kutoka Lindi mpaka Masasi ni kilomita 140 hivi. Mpagazi akitembea kilomita 20 kwa siku, ni siku saba kwenda na saba kurudi. Akila kilo moja ya unga kwa siku, safari nzima atakula kilo 14. Maana yake kwenye kilo 25 alizobeba, zinazobaki kwa askari aliye mbele ni 11 tu. Ukiongeza umbali, kwa mfano mpaka Newala, zinazidi kupungua. Ukitaka kulisha wapiganaji elfu moja, unahitaji wapagazi wengi kuliko wapiganaji. Ndiyo maana katika vita hii wabebaji walikuwa wengi mara kadhaa kuliko wenye bunduki.

Na ukiwa jemedari, njia rahisi ya kuokoa unga ni ipi? Kumpunguzia mbebaji. Ndivyo ilivyokuwa. Wengi walipewa unga wa mahindi wasiouzoea, na sufuria na muda wa kuupika vizuri hakuna. Unga mbichi nusu, maji ya dimbwi, matokeo yake kuhara damu. Waliotoka nchi za baridi wakaanguka kwa malaria. Waliotoka pwani wakaanguka kwa kichomi kwenye baridi ya usiku na mvua. Miguu peku, funza kwenye vidole, blanketi moja. Risasi iliua wachache. Tumbo na homa ndivyo vilivyomaliza watu.

Waingereza peke yao waliajiri wapagazi wanaokaribia milioni moja kwa vita nzima ya Afrika Mashariki. Neno "waliajiri" hapo ni la heshima tu, maana wengi walikamatwa vijijini. Waliokufa kwa hesabu ya serikali wanakaribia 100,000. Wale wa upande wa Wajerumani hata hesabu ya kueleweka haipo.

Akili nayo

Swali ambalo wengi hujiuliza ni hili: kwa nini hawakukimbia wote?

Walikimbia, tena wengi. Usiku mzigo unabaki, mwenyewe hayupo. Ndiyo maana kambi zililindwa usiku si kwa ajili ya adui tu bali na watu wa ndani wasitoroke. Lakini kukimbia kunataka mahali pa kukimbilia. Mtu aliyechukuliwa mbali akatembezwa miezi mingi mpaka uwanda wa Makonde, akitoroka anaingia kwenye vichaka asivyovijua, vijiji vimeshanyang'anywa chakula na majeshi yote mawili, na mgeni mwenye njaa hakaribishwi. Kubaki kwenye safu kulikuwa ndiyo usalama wake, japo safu yenyewe inamuua taratibu.

Askari alikuwa na kamba nyingine. Askari wa Mjerumani alitembea na mke na watoto nyuma ya kikosi. Mke ndiye aliyempikia, ndiye aliyetafuta kuni na maji, ndiye aliyemuuguza. Kambi ilikuwa ndiyo nyumbani kwake. Watu husema askari wale walikuwa waaminifu kupita kiasi, lakini ukiangalia vizuri, utamwacha vipi jemedari wakati familia yako iko kwenye msafara wake? Nguvu ya akili tunayoisifia kwa askari ilikuwa inapikwa kila jioni na mwanamke ambaye hakuna kitabu kilichoandika jina lake.

Na tusisahau wenyeji. Watu wazima wa Masasi na Newala wa 1917 walikuwa wameiona Maji Maji ya 1905, misheni ya Masasi ikateketezwa, na baada ya vita ile ikaja njaa kusini. Miaka 12 tu baadaye, majeshi mengine yanapita yakichukua mtama na mihogo. Huyo naye alikuwa vitani, hata kama hajashika bunduki.

Nambindinga

Katikati ya Novemba 1917, Lettow akiwa Nambindinga kwenye uwanda wa Makonde, akafanya hesabu yake ya mwisho. Risasi chache, nyingi za bunduki za zamani zinazotoa moshi. Kwinini ya kuwatosha Wazungu kwa mwezi mmoja tu. Chakula hakuna. Akaamua kuchuja watu. Wagonjwa, majeruhi na wasio na nguvu, mamia kwa mamia, wakaachwa nyuma waangukie mikononi mwa Waingereza. Akaendelea na Wajerumani karibu 300, askari kama 1,700 na wapagazi kama 3,000.

Angalia hizo namba tena. Hata kwenye jeshi lililochujwa mpaka mwisho, wabebaji ndio wengi.

Siku hizo hizo huko Bulgaria, Wajerumani walirusha chombo kikubwa cha angani, L59, kimebeba tani 15 za dawa, risasi na vifaa. Kilikuwa kinakuja hapa hapa, uwanda wa Makonde. Mpango ulikuwa kisirudi: kikishatua kivunjwe, ngozi yake ishonwe mahema na nguo. Kiliondoka tarehe 21 Novemba, kikavuka bahari na jangwa, kikafika Sudan, kikaambiwa kwa redio kigeuze kwa sababu uwanda umeshapotea. Kilikaa hewani saa 95 na kusafiri kilomita 6,757. Mabaharia wake walirudi na maumivu ya kichwa na uchovu mkubwa, na dunia mpaka leo inawakumbuka kama mashujaa wa rekodi.

Saa 95 ni siku nne. Mpagazi wa Masasi siku nne alikuwa bado njiani, hajafika hata nusu ya kwenda na kurudi.

Lettow alivuka Ruvuma, tarehe 25 Novemba akawapiga Wareno Ngomano, akapata chakula, dawa na silaha. Kikosi chake kingine, kilichokuwa kinatoka Mahenge kumfuata chini ya Tafel, kikamkosa. Njaa ikakishika, na tarehe 28 Novemba 1917 kikajisalimisha. Kilishindwa na tumbo. Lettow mwenyewe aliweka silaha chini 25 Novemba 1918, Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia.

Nani anakumbukwa?

Ukishuka Kariakoo kununua simu au viatu, jua kwamba jina hilo linatokana na kambi ya wapagazi wa Kiingereza, Carrier Corps. Watu wakalitamka kwa mdomo wao likawa Kariakoo. Soko kubwa kuliko yote nchini limebeba jina lao, na wengi wanaopita hawajui. Kwenye sanamu ya Askari pale Posta, iliyowekwa 1927, anaonekana mwenye bunduki peke yake. Mpagazi yumo kwenye maandishi chini, sio juu. Nairobi angalau walimweka kwenye sanamu.

Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wa zamani waliobaki hai. Inasimuliwa kwamba Mwanza walijitokeza wazee mia kadhaa, wachache wakiwa na karatasi. Yule aliyeleta pesa akapata wazo: kila mzee akapewa fagio, akaitiwa amri za gwaride kwa Kijerumani. Miaka karibu 50 imepita, meno yameisha, mgongo umepinda. Lakini amri ilipotoka, fagio likapanda begani. Mwili haukusahau.

Ni hadithi tamu. Lakini jiulize: mpagazi angethibitishaje? Yeye hakufundishwa gwaride. Hakuna amri ya Kijerumani wala ya Kiingereza ya kubeba unga siku 14 huku tumbo linauma. Kwa Waingereza, mishahara ya maelfu waliofia njiani haikufika kwa familia zao. Kipaji chake kilikuwa kuvumilia, na kuvumilia hakuna mtu anayekupa fagio ukaonyesha.

Kwa hiyo safari ijayo ukiona komando kwenye muvi anakimbia siku nzima, jiulize nani kabeba maji yake. Na kama kwenu Masasi, Newala, Tandahimba au kwingine kuna mzee aliyesimulia habari za babu aliyechukuliwa kubeba mizigo akarudi, au hakurudi, andika hapo chini. Hata jina moja tu linatosha.