Trela ya kubebea gari dogo: Uzani na breki vitangulie bei

WAKAZI wa Kakamega wamezoea kuona trela. Kila msimu wa mavuno, matrekta hukokota trela zilizosheheni miwa kuelekea viwanda vya sukari vya Kabras na Butali. Hata hivyo, trela ya kubebea gari dogo ni chombo tofauti. Huvutwa na pikapu wala si trekta, huenda kwa kasi kubwa zaidi, na mzigo wake wenyewe una magurudumu yanayoweza kubingirika.

Mahitaji yake yapo. Gari lililoharibika Malava au Butere huhitaji kufikishwa kwa fundi Kisumu au Eldoret, na wengi huona kwamba kulivuta kwa kamba ni hatari. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi huuliza bei kabla ya kuuliza uzani na breki.

Hesabu ya uzani

Gari kama Toyota Vitz lina uzani wa takriban kilo 1,000. Trela ya chuma yenye ekseli mbili huwa na kilo kati ya 500 na 700 ikiwa tupu. Kwa hivyo, pikapu huwa inavuta zaidi ya kilo 1,500, wala si uzani wa gari pekee.

Mnunuzi anapaswa kujua takwimu tatu: uzani wa trela tupu, uzani wa juu kabisa ambao trela inaruhusiwa kuwa nao pamoja na mzigo, na uzani ambao pikapu inaruhusiwa kuvuta. Trela iliyoidhinishwa kwa jumla ya kilo 2,000, nayo ikiwa na kilo 600 tupu, inaweza kubeba kilo 1,400 pekee. Iwapo haina kibati kinachoonyesha takwimu hizo, muuzaji atakuwa anakisia tu.

Vipimo vya sakafu pia ni muhimu. Toyota Fielder ina urefu wa takriban mita 4.4, na haitatosha kwenye trela iliyopimwa kwa ajili ya Vitz.

Breki

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Watengenezaji wengi wa magari huweka kikomo cha kilo 750 kwa trela isiyo na breki zake. Gari lolote dogo likiwa juu ya trela hupita kikomo hicho.

Safari ya Kakamega hadi Kisumu hudhihirisha sababu. Katika umbali wa kilomita 50 hivi, barabara hushuka kutoka mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari hadi takriban mita 1,130, na mteremko huwa mkali karibu na Kiboswa. Trela isiyo na breki huisukuma pikapu kwa nyuma. Breki za pikapu hulazimika kuzuia vyombo viwili, hupata joto, na nguvu zake hupungua pale zinapohitajika zaidi. Mvua ikinyesha, trela inaweza kuipiku pikapu na kuikunja njiani.

Kuna breki za aina mbili zinazofaa. Ya kwanza hutumia msukumo: pikapu inapopunguza mwendo, trela huisukuma, na msukumo huo hubana breki za trela. Ya pili hutumia umeme na huhitaji kidhibiti ndani ya pikapu. Aina yoyote iwayo, pawepo waya wa dharura unaofunga breki iwapo trela itachomoka.

Kiungo, ekseli na matairi

Tufe la chuma lililo nyuma ya pikapu na kikombe cha trela lazima viwe vya kipimo kimoja. Kipimo cha milimita 50 hutumika katika nchi nyingi. Minyororo miwili ya usalama ipitishwe kwa kupishana chini ya kiungo, ili trela ikichomoka isichimbe lami.

Baadhi ya trela za bei nafuu huundwa na mafundi wa jua kali kwa ekseli za magari makuukuu. Fundi stadi anaweza kuunda trela imara, lakini mnunuzi akague viungo vilivyochomelewa, springi na beringi, na aulize ekseli ilitoka katika gari gani. Ekseli mbili hutuliza trela zaidi, na tairi moja likipasuka, zilizosalia husaidia kuubeba mzigo hadi dereva asimame.

Umri wa tairi husomwa ubavuni. Tarakimu nne za mwisho, kwa mfano 2319, humaanisha wiki ya 23 ya mwaka wa 2019.

Kupakia na kufunga

Trela inayobeba magurudumu mawili tu huwa nafuu, lakini haifai kwa kila gari. Gari linaloendeshwa kwa magurudumu ya mbele linaweza kuinuliwa mbele. Linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne lipakiwe lote, la sivyo giaboksi itaharibika.

Uzani mkubwa kidogo ukae mbele ya ekseli, kiasi kwamba takriban sehemu moja kwa kumi ya uzani wote ikalie kiungo. Uzani ukizidi nyuma, trela huyumba kama mkia. Ikianza kuyumba, dereva aondoe mguu kwenye mafuta polepole bila kukanyaga breki kwa ghafla.

Gari lifungwe kwa mikanda minne yenye vikazio, si kamba za katani, na ikaguliwe tena baada ya kilomita chache.

Sheria na bima

Trela husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), na nambari zake nchini Kenya huanza kwa herufi Z. Mnunuzi ahakikishe stakabadhi zinalingana na chombo chenyewe. Taa za nyuma, za breki na indiketa zifanye kazi, na vibao vya kuakisi mwanga viwepo, kwani usiku trela isiyoonekana huwa mtego kwa anayefuata.

Hatimaye, kampuni ya bima iulizwe kwa maandishi iwapo inafidia trela na gari lililo juu yake. Jibu hilo lipatikane kabla ya safari ya kwanza.