Damu kuganda kwenye ini kwa mwenye seliaki

Tumbo la mtu likianza kujaa maji, wengi wetu hufikiria kichocho, pombe au homa ya ini. Mara nyingi huwa ni kweli. Lakini ipo sababu nyingine, adimu, ambayo visa vyake vingi vimeripotiwa na madaktari wa Tunisia na Algeria: damu kuganda kwenye mishipa ya ini kwa mtu mwenye seliaki.

Seliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia utumbo mwembamba kila mgonjwa anapokula gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Utumbo ukiharibika, chakula hakifyonzwi vizuri. Kaskazini mwa Afrika ngano ndiyo chakula cha kila siku, na uchunguzi uliochapishwa 1999 ulikuta ugonjwa huu kwa zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wa Kisaharawi.

Sasa twende kwenye ini. Damu hutoka humo kwa mishipa mikubwa mitatu kuelekea moyoni. Bonge la damu likiiziba, ini huvimba na kuuma chini ya mbavu za kulia, na maji huvujia tumboni. Ni kama mfereji wa shamba uliozibwa: maji hufurika nyuma ya kizuizi. Hali hiyo huitwa Budd-Chiari, kwa majina ya madaktari wawili, George Budd wa Uingereza na Hans Chiari wa Austria.

Seliaki inaingiaje? Kinga inayopigana bila kupumzika huweza kufanya damu igande kwa urahisi. Upungufu wa vitamini B12 na asidi ya foliki, unaotokana na utumbo usiofyonza, huongeza hatari.

Ugumu ni kwamba wagonjwa wengine wa seliaki hawaharishi kabisa. Dalili pekee huweza kuwa upungufu wa damu usiopona hata kwa vidonge vya madini ya chuma. Kwa hiyo ultrasaundi ikionyesha bonge na chanzo hakijulikani, muulize daktari kama kipimo cha damu cha seliaki kinafaa. Usiache ngano kabla ya kupimwa, maana majibu yanaweza kupotosha.

Tiba ni mbili kwa pamoja: dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarini, na kuacha gluteni maisha yote. Wengine huhitaji pia kuzibuliwa mshipa. Lishe peke yake haitoshi, tusidanganyane. Anayemeza warfarini hupimwa damu mara kwa mara, na asiongeze dawa za maumivu wala za mitishamba bila kumwambia daktari. Anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani.

Kwa chakula, sisi tuna nafuu. Mahindi, mtama, ulezi, mchele, mihogo na ndizi havina gluteni. Chapati, maandazi na mkate wa ngano ndivyo vya kuacha. Ila angalia mashine ya kusaga: ikitoka kusaga ngano, unga wako wa mahindi utachanganyika nayo.