Mfalme Aliyepanga Nyumba: Habari za Hartwell



Waandalizi wa kijitabu hiki wameniomba nichangie makala ya historia, kama ilivyo desturi ya mikutano yetu. Mara hii sitagusa nasaba yetu, ambayo wazee wamekwisha kuieleza vizuri kuliko niwezavyo mimi. Nitazungumzia nyumba ya watu wengine. Nyumba hiyo yaitwa Hartwell House, iko karibu na mji wa Aylesbury, kaskazini-magharibi ya London, na tangu mwaka 1989 ni hoteli. Wanangu walinilipia siku mbili humo nilipostaafu utumishi wa serikali, kwa bei ambayo hadi leo wamekataa kunitajia.

Hartwell haikujengwa iwe kasri. Ilikuwa nyumba ya mashamba ya ukoo wa Lee, matajiri wa Kiingereza walioimiliki kwa karibu miaka 300. Iligeuka kuwa makao ya mfalme kwa sababu mfalme mwenyewe hakuwa na pa kukaa. Huyu ni Louis wa 18 wa Ufaransa, ndugu wa yule Louis wa 16 aliyekatwa kichwa mwaka 1793. Alitoroka Paris usiku mmoja wa Juni 1791, akiwa na umri wa miaka 35. Mwaka 1795, baada ya mpwa wake mdogo kufia kifungoni, alijitangaza kuwa mfalme, naye hana hata shubiri moja ya ardhi ya Ufaransa. Akawa mtu wa kuhamahama: Verona, Blankenburg, Mitau katika milki ya Urusi, Warsaw, kisha Mitau tena. Kila Napoleon alipopata ushindi, au mwenyeji alipobadili siasa yake, mgeni aliombwa afungashe. Mwaka 1807 akavuka bahari kuja Uingereza, na mwaka 1809 akapanga Hartwell.

Sisi tuliozeeka katika mafaili hatuwezi kusoma habari kama hizi bila ya kuuliza: nani alilipa? Kodi ya nyumba ilikuwa pauni 500 kwa mwaka, na mfalme aliishi kwa ruzuku ya serikali ya Uingereza. Ruzuku hiyo ililazimika kuwatosha watu zaidi ya 100, kwani aliandamana na mkewe, makabaila, mapadri na watumishi. Walikuwa wengi hata kumbi na vyumba vikubwa vikakatwakatwa kwa viambaza ili kila familia ipate pembe yake. Aliyewahi kuishi katika fleti ya vyumba viwili pamoja na jamaa waliofika karibuni kutoka nyumbani hahitaji kuelezwa zaidi.

Jambo lililonishika ni la juu ya paa. Makabaila wale, watu waliozaliwa wakivishwa viatu na watumishi, walipanda kwenye paa la Hartwell wakafuga kuku na sungura na kuotesha mboga katika vyombo vya udongo. Wengine walifungua viduka katika vibanda vya uani, wakawa wanauza ili wapate riziki. Nilipotoka kutembea bustanini niligeuka mara kwa mara kulitazama paa lile. Chini, mezani kwa mfalme, kila mtu alikaa kwa cheo chake, na adabu za Versailles zilifuatwa kana kwamba Versailles iko nyuma ya ule mlango. Juu, watu wale wale walikuwa wanaokota mayai. Waandishi wengi hulieleza jambo hili kama kichekesho. Mimi sikucheka, maana nimewaona walimu wakuu wa kwetu wakifagia ofisi za watu mjini London alfajiri, na jioni wakiketi katika barza zao, koti na tai, wakiitwa kwa vyeo vyao vya zamani.

Miongoni mwa waliokaa Hartwell alikuwamo Marie-Thérèse, binti wa mfalme aliyeuawa, aliyetoka peke yake katika gereza ambamo wazazi wake na mdogo wake walifungwa. Alikuwamo pia Malkia Marie Joséphine, mke wa Louis, ambaye hakujaaliwa kuona marejeo. Alifariki humo Novemba 1810. Maiti yake iliwekwa Westminster Abbey, na mwaka uliofuata ikahamishiwa Cagliari, Sardinia.

Mwaka 1814 Napoleon aliposhindwa, Louis aliitwa kukikalia kiti chake. Hati za kukubali ufalme alizitia saini katika maktaba ya Hartwell, chumba ambamo mimi niliketi na kikombe cha chai bila ya kuulizwa na mtu. Aliondoka na miaka 58, mnene, anasumbuliwa na jongo. Miaka 23 ilikuwa imepita. Ufaransa aliyoiacha haikuwapo tena: mashamba yalikuwa na wenyewe wapya, sheria mpya, jeshi jipya. Hata mwaka haukutimia kabla ya Napoleon kurudi na mfalme kukimbilia Ghent, akangoja huko hadi vita vya Waterloo vilipokwisha. Mwisho alifia kitini mwake, mwaka 1824. Ndugu yake aliyemrithi, Charles wa 10, hakuwa na bahati hiyo. Alipinduliwa mwaka 1830 na kurejea Uingereza kuomba hifadhi upya.

Sisi pia tunaye mfalme wetu aliyekimbilia nchi hii. Seyyid Jamshid alifika mwaka 1964, akakaa Portsmouth zaidi ya miaka 50, akahamia Oman mwaka 2020 na kufariki mwaka 2024. Na katika ukoo wetu, marehemu ami yetu mkubwa aliweka sanduku lake nyuma ya mlango tangu siku aliyofika, na kwa miaka 19 hakununua kabati.

Hartwell yenyewe ilinusurika kwa kubadilishwa kazi. Ukoo wa Lee uliiuza mwaka 1938. Aliyeinunua ni Ernest Cook, mjukuu wa Thomas Cook wa mambo ya safari. Ilikaa wanajeshi wakati wa vita, ikawa chuo cha wasichana hadi mwaka 1983, kisha ikatengenezwa kuwa hoteli, na mwaka 2008 biashara ya hoteli hiyo ikatolewa kwa National Trust.

Jumamosi tutazungumzia nyumba ya babu iliyoko Malindi, Unguja. Mnajua hali yake: imefungwa, paa linavuja, na kila mmoja wetu anasema isiguswe mpaka turudi. Mji Mkongwe hausubiri. Hata Beit al-Ajaib, aliyoijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Rai yangu ni kwamba nyumba ibaki kwa jina la ukoo, ikodishwe kwa mkataba wa miaka maalumu kwa mtu atakayeifanya nyumba ya wageni, kwa sharti la kulitengeneza paa kwanza, na chumba kimoja cha juu kisikodishwe, awe nacho yeyote miongoni mwetu atakayefika. Rasimu ya mkataba nitakuja nayo.